Viputo vidogo kwenye tangi la maji ya chumvi: anza na hewa inapoingilia, sponji baadae

Tangi limekaa vizuri, samaki wapo, matumbawe yamefunguka, ila ukiangalia kwa pembeni taa ikiwaka unaona maji yana ukungu wa viputo vidogo vidogo vinazunguka muda wote kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Wengi wakifika hapo wanakimbilia sponji. Wanajaza sponji kila chumba cha sampu (lile tangi la kuchujia linalokaa chini), viputo vinapungua siku mbili tatu, afu sponji inaziba, maji yanaanza kupita juu yake, viputo vinarudi na naitreti (taka inayobaki kwenye maji) nayo imepanda. Sponji ina kazi yake na nitaisema huko chini, lakini sio pa kuanzia. Lazima kuna sehemu hewa inaingia kwenye maji, na ukishaijua hiyo sehemu mara nyingi dawa yake ni ya bure kabisa, au ya kipande cha bomba na elbo moja.

Naongelea ule mfumo wa kawaida, tangi juu, sampu chini kwenye kabati, maji yanashuka kwa bomba la ovafloo (boksi la juu maji yanapofurikia), yanapita kwenye soksi ya kuchujia, yanaenda kwa skima (mashine inayotoa uchafu kwa povu la viputo), yanavuka vizuizi vya kioo yanafika chumba cha mwisho kwenye pampu ya kurudisha, afu yanapanda tena juu. Kama una chujio la kuning'iniza nyuma ya tangi mengi ya hapa yatakusaidia pia ila vipimo utabadilisha mwenyewe.

Mtu aliyetoka kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, amefuga goldfish na gapi miaka na miaka, huwa anashangaa sana hapa, maana pampu ni ileile, bomba ni lilelile, mbona kule viputo havikuwepo? Ni chumvi hiyo. Kwenye maji yasiyo na chumvi viputo vikigusana vinaungana vinakuwa vikubwa na vinapanda juu haraka vinapasuka. Kwenye maji ya bahari, yale ya gramu kama 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, viputo vinagongana lakini haviungani kirahisi, vinabaki vidogo. Na ndo maana skima inafanya kazi vizuri kwenye maji ya chumvi na kwenye maji baridi inasumbua. Kwahiyo kitu kilekile kinachoifanya skima ifae ndo kinachokuletea ukungu kwenye tangi, huwezi kukikwepa, unakipangia tu.

Afu kuna hesabu moja ya kukaa nayo kichwani. Kiputo chenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita kinapanda karibu milimita 5 tu kwa sekunde. Kikiwa na upana mara mbili ya huo, spidi inakuwa mara nne. Maana yake vikubwa vinajiondoa vyenyewe, hivyo vidogo ndo wasumbufu, maji yakikimbia hata kidogo vinabebwa tu mpaka kwenye pampu. Basi kazi zako ni mbili: zuia hewa isiingie, na ile iliyoingia ipe muda wa kupanda kabla haijafika kwenye pampu. Kila kitu kinachofuata ni moja kati ya hizo mbili.

Vinadhuru? Kwa kiasi kikubwa vinaudhi macho tu, na vinapasuka juu vinarusha chumvi, unakuta taa, kifuniko na waya vimeganda chumvi nyeupe. Sponji hai, namaanisha wale viumbe wa baharini, hawapendi hewa kabisa na wanaweza kufa ikikwama ndani yao. Kitu cha kuogopa kweli ni kimoja, pampu inayovuta hewa na kuikandamiza ndani ya bomba, kwa sababu hewa ikikandamizwa inayeyuka kwenye maji kupita kiasi, na samaki anaweza kupata ugonjwa wa viputo, unaviona kwenye mapezi au jicho linavimba. Hiyo ukiishuku ishughulikie leo, usingoje wikendi.

Tafuta kwanza

Chukua tochi, zima taa za sebuleni, mulika sampu chumba kimoja kimoja kuanzia maji yanapoingilia. Unatafuta chumba ambacho viputo vinaanza na chumba ambacho vilitakiwa viishie lakini vimepita. Afu zima skima peke yake, acha mengine yote yaendelee, kaa kama nusu saa mpaka saa nzima. Tangi likisafika ni skima. Lisiposafika washa skima, sasa angalia bomba la kushukia na pampu.

Angalia pia tabia yake. Vikija kwa mafungu, vinakuja vingi afu kimya afu vingi tena, hapo ni bomba la kushukia linameza hewa au pampu inavuta kimbunga kutoka juu ya maji. Ukungu wa muda wote usiokatika mara nyingi ni skima, au kuna ungio linavuta hewa. Vinaanza siku ya tatu ya nne baada ya kuongeza maji, ukiongeza tu vinaisha? Maji yamepungua chumba cha pampu, hata usiendelee kutafuta.

Na kuna hii ya kuchekesha, mtu anahangaika na mabomba wiki nzima kumbe viputo vinatoka kwenye mwani. Ukiona vinatokea mchana kuelekea jioni taa zikiwa zimewaka muda mrefu, vimeshika kwenye majani ya mwani au juu ya mchanga wenye utando mwekundu, na asubuhi hamna, hiyo ni oksijeni inayotengenezwa na mimea na bakteria wakipata mwanga. Sampu haihusiki. Una tatizo la virutubisho na sio la hewa.

Maji ya chumba cha pampu

Hii ndo inaongoza, hasa kwetu kwenye joto. Ukiwa na sampu maji ya tangi la juu hayapungui yanapokauka, ovafloo inayaweka palepale, na vyumba vya mbele vya sampu navyo vinashikiliwa na vizuizi, kwahiyo upungufu wote wa mfumo mzima unaonekana kwenye chumba kimoja tu, cha pampu. Piga hesabu: chumba cha sentimita 20 kwa 30 kina eneo la sentimita mraba 600, kila lita moja inayokauka inashusha maji sentimita 1.7 hivi. Lita nne ni karibu sentimita 7! Na kama unapoza tangi kwa feni inayopuliza juu ya maji kama wengi wa Dar, Tanga na Mombasa tunavyofanya, lita nne kwa siku kwenye tangi kubwa sio jambo la ajabu. Maji yakishuka yanafanya mambo mawili kwa mpigo, pampu inaanza kuvuta hewa toka juu, na maji yanayovuka kizuizi cha mwisho yanaanguka kwa kimo kirefu yanatengeneza viputo vipya pembeni kabisa ya pampu.

Dawa ni floti ya kuongeza maji yenyewe. Ndoo ya maji safi juu kidogo, mpira mwembamba, floti ndogo ya plastiki kwenye chumba cha pampu. Iwe plastiki tupu, zile za shaba za matangi ya choo hapana, shaba inaua konokono, kamba na matumbawe. Maji ya kuongezea ni yale yasiyo na chumvi, yaliyochujwa kwa mashine ya RO, kwa sababu kinachokauka ni maji peke yake, chumvi inabaki. Ukiongeza ya chumvi kila siku utaona refraktomita (kipimo cha chumvi) inapanda 1.026, 1.028, 1.030 na samaki wanahema.

Sasa usije ukajaza mpaka juu kwa furaha. Umeme ukikatika maji ya juu yanashuka kwenye sampu mpaka usawa wa ovafloo na wa mdomo wa bomba la kurudishia. Fanya jaribio kabla: zima pampu ukiwa umesimama hapo na taulo mkononi, angalia maji yanafika wapi, bakiza nafasi, washa tena, yakitulia piga mstari kwa maka peni kwenye kioo cha chumba cha pampu. Huo ndo mwisho wa kujaza.

Maji yakiwa sawa na bado kuna kimbunga kinachoingia kwenye mdomo wa pampu, vaa elbo kwenye mdomo ili uvutie chini au pembeni badala ya juu, au laza pampu upande mwingine kama mtengenezaji anaruhusu. Sentimita 10 za maji juu ya mdomo wa kuvutia ni kiasi cha kustarehe kwa pampu nyingi za nyumbani.

Punguza pampu

Hii watu hawapendi kuisikia maana walinunua pampu kubwa kwa hela. Zamani kulikuwa na imani kwamba sampu lazima ipitishe mara kumi ya ujazo wa tangi kwa saa. Siku hizi wengi wanakwenda mara tatu mpaka tano na matangi yako poa kabisa, mkondo mkali wa matumbawe unatoka kwa mashine za mawimbi zilizopo ndani ya tangi, sio kwa pampu ya kurudisha. Tangi la lita 300 linatosheka na lita 900 mpaka 1,500 kwa saa zinazofika juu kweli, na kumbuka namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji kokote, ukipandisha mita moja na nusu inashuka sana.

Ukipunguza mtiririko kila kitu kinatulia kwa wakati mmoja: bomba la kushukia linabeba hewa kidogo, soksi haifuriki, vizuizi vinapata muda wa kutoa viputo, kelele inapungua na bili ya umeme nayo. Kama pampu ni ya DC punguza kwa kidhibiti chake. Kama ni ya AC ya kawaida weka valvu upande wa kutoka, UPANDE WA KUTOKA, usibane upande wa kuvuta hata siku moja. Ukibana mdomo wa kuvuta pampu inanyimwa maji, presha inashuka ndani yake, hewa iliyoyeyuka inachomoka na unaongeza hicho hicho ulichokuwa unapunguza, na pampu unaiua.

Mimi ningefanya hili kabla ya kununua kitu chochote. Shusha kwa robo, angalia siku mbili.

Bomba la kushukia

Bomba moja wazi linaloshusha maji kutoka ovafloo linabeba maji na hewa pamoja, haliwezi kuacha, ndo linavyofanya kazi. Ule mtindo wa Durso, bomba lililosimama lenye tii na elbo juu na kitobo kwenye kifuniko, unapunguza kelele ya kufyonza lakini hewa bado inashuka. Unachoweza kufanya huku chini ni kuangalia mwisho wa bomba. Likiishia juu ya maji yanamwagika kwa kishindo, viputo kibao. Lizamishe sentimita 2 au 3 tu. Ukilizamisha sentimita 15 hewa iliyomo ndani ya bomba inakosa pa kutokea, inajikusanya afu inalipuka mara moja na maji yanaruka mpaka ukutani, na ukiwasha mfumo upya linaweza kukataa kuanza vizuri. Mwishoni weka elbo ya nyuzi 45 ili maji yaelekee ukutani au pembeni, sio moja kwa moja kwenye kizuizi cha kwanza.

Angalia na huko juu. Ndani ya boksi la ovafloo, maji yanaanguka kutoka kwenye meno ya ukingo wa boksi mpaka usawa wa maji wa ndani, na kama bomba lililosimama ni fupi sana yanaanguka nusu mita nzima, yanachapa, yanashuka na hewa yote hiyo. Refusha bomba ili maji ndani ya boksi yawe sentimita chache tu chini ya meno. Kipande cha PVC na soketi, dakika kumi.

Kama boksi lako lina mabomba mawili au matatu, hapo una nafasi ya kumaliza kabisa hili suala. Mtindo wa Herbie unatumia mabomba mawili: moja limezama na lina valvu, linajaa maji tupu bila hewa, la pili limekaa juu kavu, la dharura. BeanAnimal unatumia matatu: la kwanza limejaa maji, la pili linapitisha kidogo linalozidi, la tatu ni la dharura. Bomba lililojaa maji tupu halina kelele na halileti viputo, unaweza kusahau kama mfumo unawaka. Namna ya kurekebisha ni kuwasha pampu ikiwa kwenye spidi utakayoiacha, afu unabana valvu kidogo kidogo, robo mzunguko, unasubiri dakika kadhaa maji yatulie ndani ya boksi, unabana tena, mpaka usawa upande juu ya mdomo wa bomba la kwanza na ubaki hapo. Tumia geti valvu, ile ya kuzungusha, maana bol valvu ukiigusa kidogo imebadilisha sana, utakaa hapo mpaka usiku.

Na hapa naomba tuelewane: kama una bomba MOJA tu la kushukia usiweke valvu. Usijaribu. Konokono mmoja au jani la mwani likikaa kwenye nafasi uliyobana, pampu inaendelea kusukuma maji juu na hayana pa kushukia, utaamka asubuhi carpet inaelea. Bomba moja liache wazi, viputo vyake uvimalizie kwenye sampu.

Soksi ya kuchujia, ile ya maikroni 200, inasaidia sana hapa kwa sababu maji na hewa vinatulizwa ndani yake, viputo vikubwa vinapasuka palepale. Ila soksi ikiziba maji yanafurika mdomoni yanaanguka kwa nje, na hapo inakuwa chanzo badala ya dawa. Badilisha kila siku tatu nne, uwe nazo kadhaa, zilizochafuka unageuza ndani nje unafua kwa maji ya presha, au mashine ya kufulia bila sabuni.

Skima

Skima mpya acha kuihukumu. Plastiki mpya ina mafuta mafuta ya kiwandani na ndani hakujashika ule utando wa kawaida, kwahiyo siku za mwanzo, hata wiki mbili, inaweza kutema viputo kama imechanganyikiwa. Ioshe kwa maji na siki kabla ya kuiweka, suuza, afu ipe muda.

Skima ya zamani iliyoanza ghafla kutema, jiulize umeweka nini kwenye maji. Dawa ya kuondoa klorini, hasa zile zinazojisifu kuwa zinaongeza ute wa ngozi ya samaki, zinawasha skima vibaya sana. Gundi ya epoksi ya kushikizia matumbawe pia. Sabuni iliyobaki kwenye ndoo pia, na ndo maana ndoo ya tangi isifuliwe nguo hata mara moja, iandikie ubavuni na wa nyumbani wote waambie. Kama unachota maji baharini badala ya kuchanganya chumvi, usichote karibu na mto au mfereji unapomwagikia, kwa Dar pale Msimbazi unapoingilia baharini ni mfano wa sehemu ya kukimbia, na usichote baada ya mvua kubwa. Maji yenye sabuni za mitaani yatakuonyesha povu la ajabu. Ikitokea, angalia kikombe cha skima kisijae, fungua skima ijimwagie kwenye sampu, badilisha sehemu ya maji, weka kaboni (mkaa maalumu wa kuchujia), siku moja mbili inatulia.

Kina cha maji kwenye chumba cha skima ni kitu watu wanakiruka. Kila skima ina kina chake kimeandikwa kwenye karatasi, nyingi za ndani ya sampu zinataka sentimita 18 mpaka 23 hivi. Maji yakizidi hapo viputo vinasukumwa nje kupitia bomba la kutokea. Inyanyue kwa kuiwekea chini kipande cha plastiki au vigae, usikate kizuizi kwanza. Afu geuza bomba la kutokea litazame mbali na kizuizi, lielekee nyuma kwenye kona ya mbali kabisa, likiwezekana vaa elbo litazame juu karibu na uso wa maji, ili vile viputo vitoke pale ambapo vina safari fupi ya kupasuka na safari ndefu ya kufika kwenye pampu. Hii peke yake inatibu skima nyingi sana.

Ushauri wa kubana hewa ya skima ili ipunguze viputo siupendi. Viputo ndo kazi yake, ukibana umebaki na pampu inayokula umeme tu.

Ungio linalovuta hewa

Hili linawahusu zaidi wenye pampu ya nje ya sampu. Upande wa kuvuta, kuanzia sampu mpaka pampu, tundu dogo halivujishi maji nje, linavuta hewa ndani, kwahiyo huoni tone hata moja unabaki unashangaa. Paka vaselini ungio moja moja, au povu la kunyolea, na uangalie tangi. Viputo vikikata umempata mwizi. Funga upya kwa tredi tepu, badilisha ringi ya mpira kwenye yunioni, na kama ni ungio la gundi lililopakwa vibaya likate, weka soketi mpya, paka gundi ya bomba, acha ikauke kama ilivyoandikwa kwenye kopo. Futa vaselini yote na povu kabla vitu havijaingia kwenye maji.

Pampu ndogo za bei rahisi na baadhi ya vichwa vya pampu vinakuja na kitundu cha kuingizia hewa, na kale kampira kembamba, kwa ajili ya watu wa maji baridi wanaopenda urembo wa viputo. Kiangalie. Kizibe. Halafu fungua pampu uangalie propela, chokaa ikijenga juu yake inacheza na kunguruma na kukata viputo kuwa vidogo zaidi, loweka kwenye siki usiku mmoja, sugua kwa mswaki.

Huko juu kwenye tangi kuna viwili vya kucheki haraka. Mdomo wa bomba la kurudishia ukiwa karibu mno na uso wa maji unavuta hewa, na kile kitobo cha kuzuia maji yasirudi kikiwa juu ya maji kinarusha mchirizi unaoingiza viputo muda wote, kishushe kiwe chini kidogo tu ya uso. Na mashine ya mawimbi ikiwa karibu na juu inatengeneza kimbunga, ishushe sentimita 5 au ipinde itazame chini.

Mtego wa viputo

Ukishafanya hayo na bado kuna vinavyopita, ndo unafikiria vizuizi. Ule mtindo wa kawaida ni kuta tatu: ya kwanza imeshika chini, maji yanapita juu yake, ya pili imenyanyuka kutoka chini na juu imezidi maji, yanapita chini yake, ya tatu imeshika chini kama ya kwanza, yanavuka kwenda kwa pampu. Kila mtu anakwambia acha nafasi ya inchi moja kati ya kuta. Mimi naona ni ndogo kwa mitiririko ya siku hizi, na hesabu ndo hii. Lita 2,000 kwa saa ni sentimita za ujazo 556 kwa sekunde. Sampu yenye upana wa sentimita 30 na nafasi ya sentimita 2.5 inakupa mlango wa sentimita mraba 75, kwahiyo maji yanashuka kwa sentimita 7.4 kila sekunde. Kiputo kinachopanda nusu sentimita kwa sekunde hapo kinachukuliwa tu. Panua nafasi mpaka sentimita 5, spidi inashuka mpaka 3.7. Shusha na pampu mpaka lita 1,000, unabaki na 1.9. Bado vile vidogo kabisa vitapita, lakini vile vya robo milimita kwenda juu sasa vinapanda kuliko maji yanavyoshuka, na hivyo ndo macho yako yanaviona zaidi.

Nafasi ya chini ya ukuta wa pili nayo isiwe nyembamba kuliko nafasi ya kati ya kuta, la sivyo umetengeneza mdomo wa bunduki. Na ukuta wa tatu usiwe mrefu kuliko usawa wa chumba cha pampu kwa zaidi ya sentimita 2 au 3, maana maporomoko ya hapo yanafuta kazi yote. Ukishindwa, weka kipande cha sponji nene chini ya maporomoko, hapo ndo nafasi ya sponji niliyosema, pamoja na mawe hai madogo (mawe ya baharini yenye bakteria) kama una chumba cha wazi. Sponji hiyo ikamuliwe kila wiki kwenye maji ya tangi uliyotoa.

Kioo cha milimita 5 au 6 kinatosha kwa sampu za nyumbani, kingo zipigwe msasa. Silikoni iwe ya akwariamu au ile tupu isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, zile za bafuni zina sumu. Kausha sampu vizuri, futa kwa spiriti, bandika, acha siku mbili mpaka harufu ya siki iishe, ndo ujaze.

Vya kuvumilia pia vipo. Umeme ukirudi baada ya kukatika bomba lote la kurudishia limejaa hewa, litatema kwa dakika kadhaa, muache. Tangi jipya, vioo vipya, mawe makavu mapya, viputo vitaganda kila mahali siku za mwanzo mpaka vitu vishike utando wake. Baada ya kubadilisha maji mengi, siku moja ya ukungu ni kawaida. Kabla hujaanza kufungua mabomba kwa ajili ya kimoja kati ya hivyo, subiri kesho.

Ikishatulia, chukua tepu kidogo ubandike kwenye mkono wa geti valvu na uweke alama ulipo, andika na spidi ya pampu pembeni, maana siku ukisafisha pampu au mtoto akizungusha kitu kabatini, hutataka kuanza tena robo mzunguko robo mzunguko.